Ya Kwanza, Ndogo Kabisa, Nyepesi Kufa: Rekodi za Kamera za Kutega Kutoka Serengeti Hadi Namtumbo

Madukani kila kamera ya kutega ni bingwa wa dunia. Boksi hili linajigamba kwa megapikseli, lile kwa kasi ya kufyatuka, la tatu kwa betri isiyokufa mwaka mzima. Mnunuzi wa Songea aliyeshika fedha ya kamera moja, ambaye shamba lake liko Namtumbo na nguruwe pori wameshaanza kuonja mahindi mabichi, anabaki kuwatazama mabingwa watatu asijue amchukue nani. Nimeona nimkusanyie rekodi za aina nyingine, zilizowekwa porini na siyo kiwandani, nyingi zikiwa za hapa hapa nchini. Baadhi zitamsaidia kununua. Baadhi ni hadithi tu, lakini tamu.

Kamera yenyewe kwa ufupi: unaifunga kwenye mti, unaiacha. Ndani yake mna kihisi kinachotambua joto linalotembea. Mnyama akikatiza, inajipiga yenyewe, mchana kwa rangi na usiku kwa mwanga ambao jicho haliuoni vizuri. Ya kawaida huhifadhi picha kwenye memori kadi mpaka uifuate. Isiyotumia waya ina laini ya simu tumboni, na picha inakufuata wewe.

Ya kwanza kupiga usiku

Kombe la hapa nchini ni la Mjerumani Carl Georg Schillings, mwindaji aliyegeuka mpiga picha bila kuiweka chini bunduki. Mwaka 1903 na 1904 alizunguka nyika za kaskazini, pande za Kilimanjaro, akiwa na kamera, unga wa magnesiamu na uzi. Chambo kilikuwa punda au ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Simba akija kumrukia, anaugusa uzi, unga unalipuka kama radi, kioo cha kamera kinashika sura yake katikati ya tendo. Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, maana yake kwa fleshi na kwa bunduki, kilitoka Leipzig mwaka 1905 kikiwa na picha 302, na Wajerumani wakakigombea.

Msomaji wa Songea hawezi kuupita mwaka huo hivi hivi. Ni 1905 hiyohiyo ambapo vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilianza, na kabla ya 1906 kwisha, Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, alikuwa ameshanyongwa hapa pamoja na wenzake kadhaa. Wakati watu wa Berlin wakistaajabia simba wa koloni lao sebuleni, wenye nchi walikuwa wanapigwa risasi. Wapagazi waliobeba vile vioo na kemikali hawamo kwenye orodha ya mabingwa. Ningewapa kombe wao.

Kwa haki, huko Marekani George Shiras alikuwa ameshaanza kumpiga kulungu usiku kwa fleshi tangu miaka ya 1890, na Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Kwa hiyo kimataifa Schillings ni wa pili, au wa kwanza, kutegemea unamuuliza nani.

Iliyotutajia mnyama tusiyemjua

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2005 Mwitaliano Francesco Rovero alikuwa ametega kamera katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Katika picha akatokea sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga uliofinywa, ambaye hula wadudu na kukimbia kama amekanyaga moto. Lakini sange huyu alikuwa na uso wa kijivu na nyuma nyeusi tititi. Hakufanana na sange yeyote aliyeandikwa kitabuni.

Rovero akampelekea picha Galen Rathbun wa California Academy of Sciences, mtu aliyewasoma sange kwa miongo mingi. Machi 2006 wakaingia msituni kumtafuta kwa macho. Hapo ndipo mwindaji wa kienyeji anapocheka: mitego aliyokuja nayo mtaalamu kutoka ng'ambo ilikuwa midogo, mnyama hakuenea. Wakarudi kwenye vitanzi vya kamba, ufundi ule ule wa mabibi na mababu, na sange akanasa. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa ni aina mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Ana gramu 700 hivi, na hakuna sange mzito kuliko yeye duniani. Jamii ya sange wakubwa haikuwa imepata mwanachama mpya kwa zaidi ya miaka 120.

Kamera za milima hiyohiyo zilikuwa zimeshashinda kombe jingine miaka miwili kabla. Minde, paa mzito na mweusi anayeishi katika misitu ya milima ya Tanzania peke yake, alipigwa picha akiwa hai porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Wanasayansi wa ng'ambo walimjua tangu karne ya 19. Wanakijiji walimjua kwa jina na kwa mchuzi. Picha ndiyo iliyokosekana.

Mnunuzi ana la kujifunza hapa, nalo ni urefu wa kufunga. Aliyefunga kamera kifuani mwa mtu mzima atapiga mgongo wa pofu na hewa tupu juu ya sange. Kwa nguruwe pori, ifunge usawa wa goti, ikiangalia njia kwa mshazari. Ukiifunga ili njia ikatize mbele yake moja kwa moja, mnyama anayekimbia atakuachia mkia.

Iliyopiga picha nyingi kuliko akili ya mtu

Serengeti, kuanzia 2010, mradi wa Snapshot Serengeti ulitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Hazikuwa na laini. Watu walizunguka kwa gari kukusanya kadi. Picha milioni 3.2 zikapatikana ndani ya miaka mitatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakaelemewa, wakaomba msaada kwa umma, na makumi ya maelfu ya watu duniani, wengi wao hawajawahi kukanyaga Afrika, wakakaa kwenye kompyuta zao kusema huyu nyumbu, huyu pundamilia, huyu sijui. Mwaka 2018 wataalamu wakaifundisha kompyuta kazi hiyo kwa kutumia picha zizo hizo, nayo ikaweza kumaliza asilimia 99.3 ya mzigo kwa usahihi uleule wa wale watu wa kujitolea. Walipiga hesabu wakaona imeokoa zaidi ya miaka minane ya kazi ya mtu mmoja.

Sasa sikiliza namba yenye maana kwa mfuko wako: karibu robo tatu ya picha hizo hazikuwa na mnyama. Zilikuwa nyasi. Jua likipasha majani na upepo ukayatikisa, kihisi kinadhani swala amepita. Kwa kamera ya kadi, hasara ni muda wako. Kwa kamera ya laini, kila unyasi unaotikisika unakula bando na betri, na simu inalia mpaka unaizima usiku ule ambao nguruwe wa kweli anakuja. Kwa hiyo, kabla hujauliza kamera ina megapikseli ngapi, uliza kama unaweza kupunguza ukali wa kihisi, kama unaweza kuiamuru ifanye kazi kuanzia jioni hadi alfajiri tu, na kama yenyewe inaweza kutofautisha mnyama na nyasi kabla ya kutuma. Kisha chukua panga, safisha mbele yake.

Na megapikseli zenyewe? Hiyo ndiyo rekodi ya uongo mkubwa zaidi katika biashara hii. Kamera nyingi zina kihisi cha picha cha megapikseli chache, halafu programu ya ndani inatanua picha mpaka ifikie namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi. Isitoshe, ya laini hukutumia kwanza picha ndogo iliyobanwa ili kuokoa data, kwa hiyo ule ukubwa ulioulipia unabaki mtini.

Ndogo kabisa, na iliyofungisha wengi

Mwaka 2018, katika pori la Grumeti, magharibi mwa Serengeti, shirika la RESOLVE la Marekani lilijaribu kamera iitwayo TrailGuard. Jicho lake halizidi unene wa kalamu, hivyo inafichwa kwenye gome la mti. Betri na antena vinakaa pembeni. Haikulenga wanyama. Ililenga watu. Toleo lake lililofuata lilipewa chipu ya kampuni ya Intel iliyofundishwa kutambua umbo la binadamu, likae kimya pundamilia wakipita, na likimwona mtu litume picha kwa askari. Waendeshaji wake walisema majaribio ya Grumeti yalizaa kukamatwa kwa majangili 30 kutoka vikundi 20, na zaidi ya kilo 590 za nyamapori zikachukuliwa. Kwa kuwa toleo la chipu hutuma kile tu kinachohitajika, betri yake ilikadiriwa kukaa mwaka mmoja na nusu.

Rekodi hii ningeibandika ukutani kwa kila anayeuza au kununua. Mafanikio ya Grumeti hayakutoka kwenye ubora wa picha. Picha zile hazikufaa hata kalenda. Yalitoka kwenye vitu viwili: picha ilifika, na upande wa pili kulikuwa na askari mwenye gari na mafuta aliyeamka.

Zinazobishaniwa

Kila orodha ya mabingwa ina kesi zake. Februari 2019 Mwingereza Will Burrard-Lucas alitoa picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, alizozipiga kwa kamera ya kutega, na dunia ikaambiwa ni za kwanza Afrika kwa karibu miaka 100. Nairobi wakacheka. Gazeti la Nation likatoa picha ya chui mweusi iliyopigwa na mpiga picha wake, Phoebe Okall, mwaka 2013 hukohuko Laikipia, na mabishano yakahamia kwenye nini hasa kinahesabika kuwa rekodi.

Unguja nako kuna chui wake, ambaye wengi walimhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitoa picha ya kamera ya kutega na kudai ndiye yeye. Picha ni ya usiku, ya mbali, ya sekunde chache. Wazee wa Unguja, ambao tangu zamani husimulia chui wa kufugwa na wachawi, hawakuhitaji kamera kuamini. Wanasayansi kamera hiyo haikuwatosha.

Ruvuma, bingwa wa njia ndefu

Mkoa wetu nao una kombe lake. Kati ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo kwa kilomita za mraba 30,893 ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini, na Niassa ya Msumbiji, kuna ushoroba unaopita Namtumbo na Tunduru hadi Mto Ruvuma, urefu wa kilomita 160 hadi 180. Unashikiliwa na jumuiya tano za hifadhi za wanavijiji: Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule upande wa Namtumbo, Nalika na Chingoli upande wa Tunduru. Tembo wanaoutumia wamepitia makubwa. Selous, pori ambalo Nyerere ilimegwa kutoka kwake, ilihesabiwa kuwa na tembo karibu 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Waliosalia wanapita katikati ya mahindi, korosho na watu, na hapo ndipo kamera inapotakiwa.

Je, ipi? Bingwa wa Ruvuma ni ile inayoshika mnara. Kabla ya kununua chochote, beba simu yenye laini mbili tatu tofauti, nenda hadi mti ule utakaofungia, siyo barabarani, siyo kijijini, mti ule ule, na uone ipi inafungua intaneti. Bondeni mtandao unakufa. Panda mita 200 kilimani na unafufuka. Kamera inayohangaika kutafuta mnara inamaliza betri hata kama haijapiga picha moja, na hii ndiyo inayoua nyingi kabla ya wakati.

La pili ni masafa. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani husikiliza masafa ya simu ya Marekani, na ukiileta huku inaweza kukaa mtini kama jiwe hata mnara ukiwa unauona kwa macho. Nilijifunza hilo kwa fedha yangu, kwa kuamini neno moja tu, "4G", lililoandikwa kubwa kwenye boksi la bei poa. Muulize muuzaji masafa kwa namba, na mtake awashe kamera dukani kwa laini ya hapa. Zipo pia zinazokuja na laini yao ya ndani na malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki kwenye mtandao wa kampuni. Hizo ziepuke mpaka uthibitishe kuwa zinahudumia Tanzania. Laini unayoweka isajiliwe kwa alama za vidole kwa jina la mtu aliye hai na anayepatikana. Laini ya binamu aliyehamia Dar ikifungwa, kamera imekufa nayo.

La tatu ni majira. Songea tuko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Kiangazi cha Juni na Julai jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kamera iangalie kusini. Kati ya Novemba na Januari jua linapita kusini yetu na mambo yanageuka. Baridi ya Juni ni rafiki wa kihisi, maana mwili wa mnyama unajitenga vizuri na ubaridi wa mazingira. Oktoba, bondeni Tunduru, mchana wa joto kali, ngozi ya mnyama na mchanga vinakaribiana joto na kihisi kinakuwa kipofu nusu. Wakati huohuo moto kichaa unatembea kwenye miombo, nao hauna habari na udhamini wa miaka miwili. Fyeka na kwangua duara zima la mti. Sisimizi watataka kuhamia ndani. Mpira wa mlango wa kamera ukichakaa, badilisha. Fisi ataijaribu kwa meno. Tembo ataing'oa kwa sababu tu haikuwepo jana.

Betri: za lithiamu ni ghali, lakini zinatunza nguvu mpaka mwisho, tofauti na zile za kawaida zinazolegea taratibu na kuzima mwanga wa usiku kwanza. Paneli ndogo ya sola inasaidia sana kiangazi. Masika, chini ya miombo iliyojaa majani, inasaidia kidogo. Mwanga wa usiku upo wa aina mbili: ule wenye kijidoti chekundu kinachoonekana, unaofika mbali, na ule usioonekana kabisa, unaofika karibu. Kwa nguruwe chukua wowote. Kama mahali hapo hupita mwizi, chukua usioonekana, la sivyo atakayepigwa picha ya mwisho ni aliyeondoka nayo.

Kwa mwenye leseni

Hapa niseme wazi, kwa sababu neno "uwindaji" lina mlango wake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kila mnyama, na kamera haigeuzi ujangili kuwa kitu kingine. Kufunga kamera ndani ya hifadhi au eneo la jumuiya bila ruhusa nako kunaweza kukuletea TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mlangoni. Lakini kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii kamera ina kazi ya heshima. Chui jike haruhusiwi kuwindwa, na simba dume anatakiwa awe ametimiza miaka 6. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kuwa pua ya simba huzidi kuwa nyeusi kadiri umri unavyosonga, na mwindaji anaweza kuisoma kabla ya kuinua bunduki. Kamera kwenye chambo inampa mwindaji wiki nzima ya kuitazama pua hiyo. Apige hesabu kwa picha za mchana; za usiku hazina rangi.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njia ya nguruwe mara nyingi ni njia ya akina mama waendao kuni. Waambie kamera iko wapi.

Ya zamani kuliko zote

Kabla ya laini na sola, na hadi leo, mlinzi wa shamba ni mtu aliyelala kwenye dungu, kamba mkononi, upande wa pili wa kamba kumefungwa madebe. Nguruwe akivamia mahindi, mlinzi anavuta. Kifaa hiki hakitumii waya, kinatumia kamba, kwa hiyo kwa maneno ya boksi kinastahili kuitwa "wireless".

Kina bei yake lakini. Packer na wenzake walihesabu kuwa kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 Tanzania, wengi kusini, na walikuta mashambulizi yakizidi pale wanyama wa kawaida wa simba wamepungua na nguruwe pori wamebaki wengi. Simba anamfuata nguruwe shambani, na shambani anamkuta mlinzi. Miongoni mwa waliouawa walikuwa watu waliolala kwenye vibanda vya kulinda mazao.

Huyo ndiye mtu ninayemfikiria ninapoulizwa kamera gani inafaa. Alale nyumbani, picha imfuate. Saa nane usiku simu ikilia, kamera nyingi za laini zinaweza kutuma picha hiyohiyo kwa namba kadhaa kwa mpigo. Ya kwanza iwe ya askari wa wanyamapori wa kijiji aliyeko zamu, hasa kama ni mmoja wa wale waliopitia mafunzo ya chuo cha uhifadhi cha Likuyu Sekamaganga. Ya pili jirani mwenye mbwa. Ya tatu yako. Na kama picha ni ya tembo, hakuna anayetoka na debe.